Maswali ya wasomaji: Kompyuta ya biti 8 ya kutengeneza nyumbani, na monita yake

Toleo lililopita niliandika kwamba mtu anaweza kukaa zake nyumbani hapa Mwanza akatengeneza kompyuta nzima ya biti 8, yaani prosesa, ramu (memori ya kuandika na kusoma), romu (memori inayobaki na programu hata umeme ukizimwa) na chipu ya siriali ya kuongea na laptopi, vyote kwenye bredibodi, ule ubao wa matundu wa kuunga bila kulehemu, na tangu hapo meseji zinamiminika, kuanzia Buzuruga mpaka Ukerewe. Nimechagua sita. Kuna jambo nitalirudia kila mahali maana ndilo linalowakwamisha wengi: pata monita kwanza, BASIC (ile lugha rahisi ya kuandikia programu) na magemu yatafuata. Na monita ninayoisema hapa ni ile programu ndogo inayokaa kwenye romu inayokuwezesha kusoma na kuandika memori kwa kibodi, sio kioo.

Kaka habari za kazi. Mimi ni fundi redio na tivi, nina prosesa mbili za Z80 nilizotoa kwenye mashine ya zamani ya ofisi, ila nasikia kiwanda kimeacha kuzitengeneza. Nianze nazo au nitafute 6502? Pia nina EPROM, zile romu zenye kidirisha cha kioo, zinafaa? Na chipu za kuagiza mtandaoni ni za kuaminika? — Fundi redio, Buzuruga

Salama kabisa fundi. Hizo Z80 zitunze. Ni kweli, Zilog walitangaza mwezi wa 4 mwaka 2024 kwamba wanaacha kutengeneza Z80 ile ya asili ya miguu 40, oda za mwisho zikapokelewa mwezi wa 6 mwaka huohuo, na chipu yenyewe ilikuwa sokoni tangu 1976. Lakini zilizotawanyika duniani ni nyingi sana na wewe unayefungua mashine chakavu kila siku utaendelea kukutana nazo. Soma maandishi ya juu. Ikiandikwa Z84C00 hiyo ni CMOS, aina ya chipu inayokula umeme kidogo, unaweza kuipa kloki (yaani mapigo ya kuiendesha) ya polepole sana hata ukaisimamisha kabisa na bado ikakumbuka ilipofikia, na kwa mtu anayejifunza hilo ni jambo kubwa mno kwa sababu unaiendesha hatua moja moja huku unaangalia taa. Ikiandikwa Z8400 au Z80A basi ni NMOS ya zamani, ukipunguza kloki kupita kiasi inasahau kila kitu, hiyo lazima uipe oskileta ya kweli, yaani kifaa cha kutoa mapigo ya haraka, tangu siku ya kwanza.

Ushauri wangu ni kwamba mwenye chipu mkononi aanze na aliyonayo. Anayeanza mikono mitupu ndo namshauri 6502, ile inayoitwa W65C02S, maana kampuni ya Western Design Center kule Arizona bado inaitengeneza mpya. 6502 ya kwanza ilitoka 1975 kwa MOS Technology ikauzwa dola 25 wakati 8080 ya Intel ilikuwa dola 360 kwa anayenunua moja, na ndio sababu vijana wa kipindi kile waliokuwa hawana hela wakaikimbilia. Ila chunga kitu kimoja ambacho kinaua chipu: michoro ya zamani inaonyesha mguu wa 1 umeungwa graundi, kwenye W65C02S mguu wa 1 unatoa mawimbi, ukiuunga graundi ni shoti. Uache wazi.

Kuhusu kuagiza, zipo nzuri na zipo za kughushi, yaani chipu ya zamani imekwanguliwa juu ikachapwa jina jipya. Chukua pamba yenye asitoni ile ya kuondolea rangi ya kucha, sugua, maandishi yakitoka usiamini. Njia ya uhakika zaidi ni mita: pitisha 5V ya hiyo chipu kwenye mita upande wa miliampea, CMOS kwa kloki ya megahezi 1 inakula kidogo sana, miliampea chache tu, sasa ukiona inakula makumi kwa makumi na mgongo unapata joto, umeuziwa NMOS kwa jina la CMOS. Bado inaweza kufanya kazi ila usiipe kloki ya polepole.

EPROM zako, kama ni 27C256, zinafaa kabisa, kila moja ni kilobaiti 32. Kufuta zinahitaji taa ya urujuanimno, dakika 15 hadi 20 hivi, na kama huna taa datashiti (karatasi za maelezo ya chipu) za Intel zenyewe zinasema jua la moja kwa moja linafuta kwa kama wiki moja, na jua la Mwanza unalijua. Ukishaandika ziba kidirisha kwa stika nyeusi. Ila kwa kujifunza, ambapo utaandika na kufuta mara nyingi kwa siku, nunua 28C256 inayofutika kwa umeme, hutajuta hata kidogo.

Kaka mimi nipo chuo huku Nyegezi. Nimeunga W65C02S, 28C256, ramu 62256 na chipu ya siriali kama mchoro unavyotaka, nimeweka monita kwenye romu, nikiwasha hamna kitu kabisa kwenye laptopi. Nimekagua waya zote. Nifanyeje? — Mwanafunzi, Nyegezi

Mdogo wangu, umefanya wanavyofanya wengi, umeunga kila kitu halafu ukawasha, sasa kosa linaweza kuwa popote na huna pa kuanzia. Chomoa romu. Chomoa ramu. Chomoa siriali. Prosesa ibaki peke yake kwenye bredibodi, tuanze na hiyo.

Mguu wa 8 upate 5V, wa 21 uende graundi, na karibu na hiyo 8 weka kapasita ndogo iliyoandikwa 104 kati ya 5V na graundi, usiiruke hii hata kama mchoro hauna, na kila chipu utakayoongeza iwe na ya kwake. Miguu ya 2, 4, 6, 36 na 38 ivute juu kwenye 5V kwa rezista za kilo-omu chache, usiiache inaning'inia, maana mguu unaoning'inia kwenye CMOS unasoma chochote unachotaka, hata mkono wako ukisogea karibu unabadilika. Ule wa 36 hasa, haupo kwenye michoro ya zamani, ukiwa chini prosesa inajiachisha kwenye njia zote za anwani na data na utadhani imekufa. Mguu wa 40 ni reseti, nao uvutwe juu, na uwe na kitufe cha kuushusha graundi. Kloki inaingia 37.

Sasa njia nane za data. Tutailazimisha prosesa isome namba moja tu daima, EA kwa heksa (hesabu ya msingi wa 16), ambayo kwa 6502 maana yake ni usifanye kitu, nenda mbele. EA kwa biti ni 1110 1010, kwa hiyo D7, D6, D5, D3 na D1 zinaenda 5V, D4, D2 na D0 zinaenda graundi, kila moja kupitia rezista yake ya kilo-omu 1. Kwenye njia za anwani A0 mpaka A15 weka taa za LED, nazo kila moja na rezista yake. Kloki tumia chipu ya taima ya 555 iliyopunguzwa mpaka unaona kwa macho.

Bonyeza reseti, na hapa wengi wanakosea, ishikilie mpaka kloki ipige angalau mara mbili, ukiwa na kloki ya polepole ukigusa na kuachia haraka prosesa haijaona chochote. Achia. Kloki itapiga kama mara saba prosesa inajipanga, halafu utaona taa zinaonyesha FFFC, kisha FFFD, hapo ndo inauliza programu inaanzia wapi, na kwa kuwa kila inachosoma ni EA basi itaruka kwenda EAEA. Taa zitakaa 1110 1010 1110 1010, halafu zinaanza kuhesabu EAEB, EAEC, moja kwa kila kloki mbili. Ukiona hivyo prosesa yako nzima, kloki nzima, reseti nzima, na utafurahi kuliko mtu aliyeshinda bahati nasibu. Ukibadilisha ukaweka oskileta ya megahezi 1 taa nyingi zitaonekana zimewaka nusunusu, lakini A15 itapepesa mara saba na kitu kwa sekunde, kwa sababu mzunguko mzima wa anwani 65,536 kwa kloki mbili mbili unachukua sekunde 0.13. Mimi hupenda kuiacha ipepese hivyo kwa muda kabla sijaendelea.

Hatua ya pili rudisha romu, toa zile rezista za data. Ijaze romu nzima EA, isipokuwa sehemu mbili: kwa kuwa romu inakaa 8000 mpaka FFFF, anwani FFFC kwa prosesa ni 7FFC ndani ya chipu, hapo andika 00, na 7FFD andika 80, ya chini inatangulia. Reseti, taa ziende 8000. Zikienda kwingine, basi njia za anwani umezipishanisha au romu haijachaguliwa.

Kuchaguliwa ndio kitu cha kuelewa vizuri. Romu, ramu na siriali zote zinatumia njia nane zilezile za data, kama abiria wa daladala moja, konda akiita Buzuruga anashuka wa Buzuruga tu na wengine wanatulia. Konda wako ni chipu ya 74HC00, yenye mageti ya mantiki. A15 ukiigeuza kwa geti moja unapata romu: A15 ikiwa 1, romu inaitwa. Ramu inaitwa A15 ikiwa 0, lakini, na hili naomba ulishike sana, lazima uiunganishe pia na kloki, ramu iitwe pale tu kloki ipo juu, maana kloki ikiwa chini anwani na ile ishara ya kuandika bado vinabadilika na ramu inaweza kuandikwa mahali ambapo hukutaka. Kosa hili linasumbua sana kwa sababu mashine inaanza vizuri kabisa halafu inaharibika yenyewe baada ya muda, mtu anabadilisha chipu zote kumbe ni waya mmoja.

Ramu ikishakaa ndo urudishe siriali, halafu monita. Ukifuata mpangilio huu na bado laptopi haionyeshi kitu, soma jibu la dada wa Kirumba hapa chini.

Habari mwandishi. Nafundisha sekondari huku Nansio na nina kikundi cha wanafunzi wanaopenda kompyuta. Naomba nieleze monita inafanya nini hasa, na kwa nini tusiweke BASIC moja kwa moja, maana watoto watachoka na namba. Umeme wetu mwingi ni wa jua. — Mwalimu, Ukerewe

Mwalimu, asante sana kwa swali hili, na hongera kwa hao vijana.

BASIC ikikataa kuwaka haikuambii chochote, unabaki unaangalia kioo cheusi. Inataka ramu nzima iwe sawa, siriali iwe sawa, mamia na maelfu ya baiti za romu ziwe sawa, zote kwa pamoja. Monita inataka kidogo sana na inakuonyesha yaliyopo. Mfano mzuri kuliko yote ni ile aliyoandika Steve Wozniak kwa ajili ya kompyuta ya Apple I, mwaka 1976. Yote ni baiti 256, inakaa FF00 hadi FFFF, pamoja na zile anwani za kuanzia. Watu wameshaihamishia kwenye siriali za kawaida na ndiyo ningependa vijana wako waanze nayo, kwa sababu listi yake yote inaenea kwenye karatasi chache na mwanafunzi anaweza kuisoma mstari kwa mstari mpaka mwisho.

Inavyotumika ni hivi. Ukiandika FF00 ukabonyeza enta, inakuonyesha baiti iliyopo hapo. Ukiandika FF00.FF1F inakuonyesha kuanzia hapa mpaka pale, nane kila mstari, na ile ya asili inaanza D8 58 A0 7F. Ukiandika anwani, nukta mbili, halafu namba, inaziandika kwenye ramu. Ukimaliza na R inaanza kuendesha programu iliyopo kwenye anwani hiyo. Basi, hamna kingine.

Wape vijana hii waandike wenyewe:

300: A9 41 20 EF FF 4C 02 03
300R

A9 41 inachukua herufi A, 20 EF FF inaita sehemu ya monita inayochapa herufi, 4C 02 03 inarudi kuchapa tena. Kioo kitajaa A mpaka ubonyeze reseti. EFFF hiyo imeandikwa kinyumenyume, EF FF maana yake FFEF, na kwenye monita ya asili ndipo palipo na kuchapa, lakini kwenye zilizohamishiwa siriali inaweza kusogea, kwa hiyo angalieni kwenye listi yenu mbadilishe. Na kwa nini 300? Kwa sababu baiti za 0000 hadi 00FF ni za haraka na monita yenyewe inatumia chache hapo, 0100 hadi 01FF ni staki ya prosesa, yaani sehemu inapoweka kumbukumbu zake za muda, na 0200 kwenda juu ndipo monita inapohifadhi mstari unaouandika. Mwanafunzi akiandika programu yake kwenye 0200 ataona inajiharibu yenyewe kila akigusa kibodi. Mwache aone, halafu muulize kwa nini.

Wakishazoea, waandike monita yao wenyewe, na hapa ndipo mimi naona elimu yenyewe ilipo. Moyo wake ni kubadilisha herufi kuwa namba. Mwanafunzi akibonyeza C, kompyuta inapokea 43 kwa heksa. Toa 30, inabaki 13. Imezidi 9, basi toa 7 nyingine, inabaki 0C, ambayo ni 12. Akibonyeza 5 inapokelewa 35, ukitoa 30 unabaki na 5, haijazidi 9, umemaliza. Herufi ndogo zigeuzwe kubwa kwanza. Namba ya pili ikija, ile ya kwanza isukume kushoto mara nne halafu ziunganishe, umepata baiti. Kuchapa ni kinyume chake. Hayo mambo mawili yakifanya kazi, kusoma memori, kuandika memori na kuruka ni mistari michache ya kuongeza, na mtoto wa kidato cha pili anayejua kutoa na kujumlisha anaweza.

Baadaye ongezeni uwezo wa kupokea faili za Intel HEX ili msiandike programu ndefu kwa mkono. Kila mstari unajikagua. Chukua huu: :02030000A94111. Idadi ya baiti ni 02, zinaenda 0300, aina ni 00 yaani data, data ni A9 na 41, na 11 ya mwisho ni ya ukaguzi. Jumlisha zote kwa heksa, 02 na 03 na 00 na 00 na A9 na 41 na 11, unapata 100, ukibakisha baiti ya chini ni 00. Ikiwa si 00, mstari umeharibika njiani na monita iseme hivyo palepale. Somo zima la hesabu za heksa lipo kwenye mstari mmoja.

Kuhusu umeme wa jua, msitumie 7805, ile chipu ya kushusha volti, kutoka kwenye betri ya volti 12 bila kufikiri. Betri ikichajiwa inafika volti 14 na kitu, kwa hiyo kwa miliampea 200 ile 7805 inachoma karibu wati 2 kuwa joto tu, na bila bati la kupoozea itajizima katikati ya somo. Chaja ya simu ya kwenye gari inashusha 12 mpaka 5 bila kupoteza sana, zipo kila duka la simu, pimeni tu kwa mita kwanza kama inatoa 5V kweli mkiwa mmeipa mzigo.

Kaka, mimi nina kibanda cha simu hapa Kirumba. Monita yangu imepanda lakini inatoa maandishi ya ajabu ajabu, na nikibahatisha ikasomeka basi herufi zinapotea, nikitaka ione FF00 inatoa herufi moja mbili inakaa kimya. Chipu ya siriali ni W65C51N. — Dada wa Kirumba

Dada, hizo ni shida mbili tofauti.

Maandishi ya ajabu ni kasi. Hiyo chipu inataka kristali ya 1.8432 megahezi, namba inayoonekana ya ovyo lakini ina sababu, ukiigawa kwa 192 unapata 9600 kamili. Ukiweka kristali ya megahezi 2 kwa sababu ndiyo uliyopata dukani, inakuwa 10,417, karibu asilimia 8 na nusu juu, na laptopi inapoteza hesabu kabla herufi haijaisha. Kwenye laptopi weka 9600, biti 8, bila pariti, stopu 1. Halafu hakikisha graundi ya ule waya wa USB wa kuunga laptopi na siriali imeungana na graundi ya bodi, TX (ya kutuma) iende RX (ya kupokea) na RX iende TX, na waya wenyewe uwe wa 5V, ipo ya aina ambayo ina kijampa cha kuchagua 3.3 au 5. Usiunge bodi yako na siriali ya kompyuta za zamani ile yenye tundu la pini 9 moja kwa moja, ile inatoa volti za chanya na hasi kubwa na lazima ipite kwenye MAX232, chipu ya kubadilisha volti hizo.

Herufi kupotea hiyo ni chipu yenyewe, na wenye chipu wameandika kwenye datashiti. Ile biti ya 4 ya hali, inayotakiwa kukuambia kama iko tayari kupokea herufi nyingine ya kutuma, kwenye W65C51N inasema tayari muda wote, hata kama haijamaliza. Monita inaamini, inatupia herufi juu ya herufi. Dawa ni kutoiuliza, subiri mwenyewe. Herufi moja kwa 9600 ni biti 10, inachukua milisekunde 1.04, na kwa kloki ya megahezi 1 hizo ni kloki 1,042. Weka hii baada ya kutuma: A2 FF CA D0 FD. Inahesabu kutoka FF kushuka mpaka sifuri, kloki 5 kila mzunguko, jumla kama 1,276, inatosha na chenji inabaki. Hifadhi X (rejista ya prosesa inayotumika kuhesabu hapo) kwanza kwa DA na uirudishe kwa FA mwishoni. Siku ukipandisha kloki kuwa megahezi 2 muda huo unakatika nusu, kwa hiyo lazima uongeze. Chipu za zamani za 6551 hazina tatizo hili, ukipata kwenye mashine chakavu zichukue.

Na ukibandika faili ndefu ya heksa kutoka kwenye laptopi, iambie programu ya laptopi isubiri kidogo kila mwisho wa mstari, maana monita nayo inahitaji muda wa kufanya kazi yake.

Mwanangu ana miaka 15, anafungua tivi na pawasaplai za zamani kutafuta hivyo vichipu, chumba kizima kimejaa. Nimzuie? — Mzazi, Igoma

Shikamoo mama. Usimzuie kujifunza, ila tivi za mgongo mrefu na pawasaplai mzuie leo hii, kabla hajafungua nyingine.

Tivi ya kioo kirefu ina umeme wa zaidi ya volti 20,000 kwenye ule waya mnene unaoingia juu ya kioo, na unaweza kubaki hapo hata ikiwa imechomolewa. Pawasaplai inayotumia umeme wa ukutani ina kapasita kubwa inayohifadhi volti 325 hivi, nayo inaweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa. Hivyo vinaua, sikutishi. Na habari njema ni kwamba ndani ya hivyo vitu hamna anachokitafuta: prosesa za Z80, ramu na EPROM zinapatikana zaidi kwenye bodi za printa za zamani, mashine za ofisi na kompyuta, upande wa volti 5. Mpeleke kwa fundi mnayemwamini hapo mtaani, fundi afungue na kutoa pawasaplai, yeye abaki na bodi. Anapolehemu akae penye hewa, na anawe mikono kabla ya kula kwa sababu risasi ya kulehemia ina madini ya risasi kweli.

Mradi wenyewe unatumia volti 5 tu kutoka chaja ya simu, haumdhuru. Na kama ataufikisha mwisho atakuwa anajua vitu ambavyo wengi wanaotumia kompyuta kila siku hawajawahi kuviona.

Monita yangu ya Z80 inafanya kazi safi. Niweke CP/M, ule mfumo wa uendeshaji wa zamani, sasa? Na naweza kuiacha kwenye bredibodi? Huku kwetu ziwani kuna unyevu na wale wadudu wanaokuja kama moshi. — Msomaji, Bukoba

Hongera sana ndugu. Bredibodi usiiache muda mrefu, vibati vya ndani vinashika kutu ya taratibu na baada ya miezi unapata makosa yanayokuja na kuondoka. Hamishia kwenye vero bodi, ule ubao wa kulehemia, chipu zote ziwe kwenye soketi, na iwe na boksi lenye kifuniko, wale wadudu wa ziwani wanafuata taa za LED usiku na asubuhi unakuta wamelala katikati ya miguu ya chipu.

CP/M ya Gary Kildall, ya mwaka 1974, inakufaa wewe wa Z80, wenye 6502 waiache. Ila inataka ramu kuanzia 0000 na programu zake zinaanza 0100, wakati Z80 yako ikireseti inaanza kusoma 0000, ambapo sasa hivi kuna romu. Kwa hiyo unahitaji swichi ya kielektroniki, fulipu-fulopu moja ya 74HC74 inatosha: reseti inaleta romu kwenye 0000, monita inajinakili yenyewe kwenda juu ya ramu, inarukia huko, halafu inaandika kwenye poti moja ya kuizima romu. Wenye 6502 wana BASIC ya Microsoft, mwaka 2025 wenyewe waliachia kodi yake ya 6502 bure, inakaa vizuri kwenye romu ileile pamoja na monita.

Unapoweka chochote kati ya hivyo, monita iache palepale ilipo, reseti irudi kwake kwanza, na kutoka hapo ndo uite BASIC au CP/M kwa amri. Siku disketi au kadi ikigoma bado utaweza kuingia ukaangalia baiti moja moja.